Protini kwenye mkojo na mawe ya figo: karatasi ya maabara inasema nini hasa?

Mama mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, alinikabidhi karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari ulioandikwa "Protini: +", akaniuliza: "Mwanangu, hili jiwe liko figo ya kulia au ya kushoto?" Hakuna aliyekuwa amemwambia ana jiwe. Alipata ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwao, kwamba wanasayansi sasa wanatambua mawe ya figo kwa protini zilizomo kwenye mkojo. Alipoliona neno protini kwenye karatasi yake, akajumlisha mwenyewe. Na alikuwa ameshanunua chupa ya unga wa kuyeyushia mawe.

Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakichunguza protini za mkojo ili waone kama zinaweza kumtambulisha mtu mwenye mawe. Lakini protini wanazozungumzia wao na ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya yule mama ni vitu tofauti, na kijiti cha kawaida cha maabara huona aina moja tu. Hapo ndipo watu wanapopotea, wengine kwa gharama kubwa, kwa hiyo inafaa tuanze mwanzo kabisa.

Jiwe linavyoanza

Figo huchuja damu usiku na mchana. Maji yaliyozidi, chumvi na taka hutoka kama mkojo, ukashuka kwa mrija mwembamba hadi kwenye kibofu. Ndani ya mkojo huo mna kalsiamu, oksaleti, fosfeti, asidi ya yuriki na vinginevyo. Vitu hivi vikiwa vingi na maji yakiwa machache, huanza kushikana na kufanya chembe ngumu ziitwazo fuwele. Fuwele zikikaa ndani ya figo na kuendelea kuongezana, ndipo tunapopata jiwe. Mawe mengi, kama 7 au 8 kati ya kila 10, ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu na oksaleti. Yapo ya asidi ya yuriki, yapo yanayoletwa na maambukizi ya bakteria, na yapo machache ya sistini, ambayo hutokana na hitilafu ya kurithi.

Kila anayepika kaimati anaijua habari hii. Shira ni sukari nyingi katika maji machache. Ikichemka ikapitiliza, ikipoa hurudi kuwa sukari, na chenga nyeupe huonekana pembeni mwa sufuria. Ndiyo maana hukamuliwa ndimu: matone machache tu, na shira hukaa laini mpaka watu wafuturu. Mkojo wa binadamu, hata wa mtu mwenye afya kamili, mara nyingi huwa katika hali ya shira iliyokaribia kuganda. Kama ingekuwa ni hesabu ya chumvi na maji peke yake, wengi wetu tungekuwa na mawe. Kinachotuokoa ni kwamba mkojo nao una ndimu yake. Kemia ya sukari na kemia ya figo si moja, lakini kazi inafanana: kitu kidogo kinazuia chembe zisishikane. Sehemu ya kinga hiyo ni sitreti, ambayo hata ndimu na limau zinayo kwa wingi. Sehemu nyingine ni protini.

Yaani nyingi ya protini hizi zinazotajwa pamoja na mawe zimo mwilini ili kuyazuia. Jambo hili halikuwemo kabisa kwenye ule ujumbe wa WhatsApp, na bila kulijua huwezi kuelewa utafiti wenyewe unatafuta nini.

Protini zenyewe

Inayojulikana zaidi ni uromodulini. Mwaka 1950, Igor Tamm na Frank Horsfall, watafiti waliokuwa New York, waliitenganisha kutoka kwenye mkojo. Hawakuwa na habari na mawe. Walikuwa wakitafuta ni nini kwenye mkojo kinachovizuia virusi vya mafua visigandishe chembe nyekundu za damu. Kwa miaka mingi iliitwa kwa majina yao, protini ya Tamm-Horsfall. Leo tunajua kwamba ndiyo protini iliyo nyingi zaidi katika mkojo wa mtu mzima wa afya. Haitoki kwenye damu. Figo yenyewe huitengeneza ndani ya virija vyake, na kila siku tunatoa makumi ya miligramu bila kuwa na ugonjwa wowote.

Mwaka 2004 ilichapishwa taarifa ya panya waliozalishwa bila uwezo wa kutengeneza protini hii. Baadhi yao walipata fuwele za kalsiamu ndani ya figo bila kupewa chochote cha kuzichochea, na walipopewa vichochezi hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kwenye uromodulini, cha kuogopa kinaweza kuwa upungufu wake. Kwa binadamu habari ina mafundo zaidi. Kuna wagonjwa wa mawe ambao kiasi cha uromodulini yao ni cha kawaida, lakini umbo lake lina kasoro: minyororo ya sukari iliyobandikwa juu ya protini hiyo haikukamilika. Ikiwa hivyo, au mkojo ukiwa na asidi na chumvi nyingi, uromodulini huanza kujikunja na kushikana yenyewe kwa yenyewe, na badala ya kuzuia fuwele huweza kuzisaidia kukusanyika. Kwa hiyo haitoshi kupima kiasi. Inabidi kujua pia ipo katika hali gani, na hilo si jambo la kijiti.

Kuna osteopontini, ambayo imo pia kwenye mifupa na meno, na ambayo hung'ang'ania uso wa fuwele ikaizuia isikue. Kuna kipande cha prothrombini, protini ya kugandisha damu. Huko Afrika Kusini, ambako mawe ya figo yamekuwa nadra sana kwa watu weusi kuliko kwa wazungu, watafiti walilinganisha kipande hicho kutoka kwa makundi hayo mawili ili waone kama ndicho kinacholeta tofauti, na wakaona kile cha watu weusi kinazuia fuwele vizuri zaidi. Ni utafiti unaovutia, ila nisingependa mtu aubebe mzima mzima hadi Mombasa, mji wenye damu za kila bahari na chakula kisichofanana na cha Johannesburg.

Ukiliyeyusha jiwe lenyewe madini yote yakaondoka, hubaki masalia laini, kama asilimia 2 au 3 ya uzito wake. Humo mna protini za mamia ya aina. Wengine wakiona hivyo husema, basi hizo ndizo zilizolijenga. Si lazima. Nyingine zilikuwa zinapita na mkojo zikanaswa. Nyingine zilitoka kwenye kidonda ambacho jiwe lenyewe lilikisababisha. Kuikuta protini ndani ya jiwe hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyolianzisha, na kutenganisha chanzo na matokeo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika utafiti huu.

Mwisho kuna protini za dhiki: figo ikiumia, hupiga kelele kwa kutoa vitu fulani. Mojawapo huitwa NGAL, nayo huweza kupanda ndani ya saa chache baada ya figo kuumia, kwa mfano jiwe linapoziba mrija na mkojo ukarudi nyuma. Hii inaweza kumsaidia daktari kujua figo gani haiwezi kusubiri. Lakini NGAL hupanda pia kwa maambukizi na kwa sababu nyingine nyingi. Inasema figo ina taabu, bila kusema taabu gani.

Kitu cha aina hii, kinachopimika mwilini na ambacho kiwango chake kinatupa habari ya ugonjwa, ndicho wataalamu wanachokiita kiashiria. Sukari ya damu ni kiashiria cha kisukari. Swali la watafiti ni kama ipo protini ya mkojo, au kundi la protini, linaloweza kuwa kiashiria cha mawe.

Kijiti kinaona nini

Turudi kwenye ile karatasi. Kijiti cha kupimia mkojo ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye vibandiko vidogo vya rangi. Huchovywa kwenye mkojo, hutolewa haraka, mkojo wa ziada hupanguswa kwenye ukingo wa kikopo, kisha husubiriwa. Kibandiko cha protini husomwa baada ya kama sekunde 60, kwa kulinganishwa na rangi zilizochapwa ubavuni mwa chupa ya vijiti. Kikibaki njano, hakuna kitu. Kadiri kinavyoelekea kijani ndivyo protini inavyozidi. Alama moja ya kujumlisha ni karibu miligramu 30 katika desilita moja ya mkojo.

Kibandiko hicho kimetengenezwa kuinasa albumini, protini ya damu, ambayo figo nzima haitakiwi kuiachia ipite kwa wingi. Uromodulini haikisisimui sana. Osteopontini na zile nyingine, kwa kiasi kidogo kilichomo mkojoni, hazionekani kabisa. Zinahitaji mashine na kemikali nyingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo bado inafanywa katika maabara za utafiti. Kwa maneno mengine, karatasi iliyoandikwa "Protini: +" haijagusa hata moja ya zile protini zilizotajwa kwenye ujumbe.

Na albumini ikionekana, sababu zake ni nyingi: homa, kazi nzito, maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari cha muda mrefu, presha, na kwa mjamzito inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, ambayo haingoji kesho. Hata mkojo mzito wa mtu aliyeshinda bandarini kwenye jua bila maji unaweza kukipaka kijiti rangi kidogo. Jiwe lenyewe linaweza kuleta protini kidogo kwa kukwaruza, lakini halimo katika sababu za kwanza.

Yule mama ana presha ya miaka mingi. Alama yake ya kujumlisha ilipaswa kumrudisha kwa daktari wake wa presha aulize hali ya figo zake, na badala yake ilimpeleka kununua unga. Hili ndilo linalonitia uchungu katika mkanganyiko huu wote: figo inayoharibika kwa presha haiumi. Mtu anaweza kutibu jiwe ambalo hana kwa mwaka mzima huku ugonjwa alio nao ukiendelea kimya kimya.

Pwani yetu ina jambo jingine ambalo maelezo ya kutoka nje hayaligusi. Kichocho cha njia ya mkojo bado kipo Kwale, Kilifi na Tana River. Mayai ya minyoo hutoboa ukuta wa kibofu, na mkojo hutoka na damu na protini. Mtoto aliyekulia karibu na mabwawa na mito ya huko, akija Mombasa akakojoa damu, asianze kufikiriwa jiwe kabla mkojo wake haujatazamwa mayai ya kichocho chini ya hadubini. Dawa yake ipo na inajulikana.

Kinyume chake nacho ni muhimu. Jiwe likishuka mara nyingi hukwaruza mrija na kutoa damu, lakini zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya 10 wenye jiwe na maumivu hawana damu yoyote kwenye kijiti. Kijiti safi hakimwondolei mtu jiwe. Hali kadhalika maneno "fuwele za oksaleti" kwenye karatasi. Fuwele hizo, zenye umbo la bahasha zikitazamwa kwa hadubini, huonekana hata kwenye mkojo wa watu wasio na jiwe lolote, na huongezeka mkojo ukikaa kwenye kikopo ukapoa.

Kwa nini kipimo cha mawe kwa protini za mkojo hakijafika kwetu

Anayekitamani hana makosa. Leo jiwe hutambuliwa kwa picha. Picha ya CT isiyo na dawa ya mshipani huona karibu kila jiwe, lakini ina mionzi na gharama yake si ya kila mtu. Altrasaundi haina mionzi na ni rahisi kuipata, ndiyo inayofaa kuanza nayo kwa mjamzito na mtoto, ila huweza kuyakosa mawe madogo yaliyo ndani ya mrija. Eksirei ya kawaida haiyaoni mawe ya asidi ya yuriki. Kikopo cha mkojo kingerahisisha mengi, hasa kwa mtu anayehitaji kufuatiliwa kila mwaka.

Kikwazo kikubwa ni hesabu, na hesabu hii kila msomaji anaweza kuifanya. Tuseme, kwa mfano tu, watu 1,000 wanapimwa soko la Kongowea, na 100 kati yao wana mawe. Kipimo kinawanasa 80 kati ya wale 100, na kinawapa jibu sahihi watu 8 kati ya kila 10 wasio na mawe. Kwenye habari kitaitwa kipimo cha asilimia 80, na kitasikika kizuri. Lakini wasio na mawe ni 900, na asilimia 20 yao ni 180. Kwa hiyo watu 260 watarudi nyumbani na karatasi inayosema wana mawe, na 180 kati yao hawana hata chembe. Na wenye mawe 20 wataambiwa wako salama. Wote hao itabidi wapigwe picha ndiyo ukweli ujulikane, na hapo kipimo hakijaokoa gharama ya mtu.

Kisha kuna mambo ya mkojo wenyewe. Kiwango cha protini hubadilika asubuhi na jioni, kabla ya kunywa maji na baada yake. Protini nyingine huvunjika kikopo kikikaa kwenye joto. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wachache, na matokeo yake hayakubaliani. Halafu kipimo kilichosanifiwa kwa mkojo wa watu wa Ulaya kikiletwa Msambweni, Kwale, bila kujaribiwa humo, kinaweza kuliita kichocho jiwe. Kabla hakijauzwa hapa, inafaa kiwekwe mbele ya mkojo wa Pwani: wenye mawe, wenye kichocho, wenye maambukizi, wenye kisukari, na wasio na lolote.

Kwa maoni yangu, tumaini la kweli la protini hizi halipo kwenye swali "je, nina jiwe sasa?", kwa sababu picha inalijibu vizuri. Lipo kwenye swali la nani jiwe litamrudia. Karibu nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka kama 10, na leo ni vigumu kuwajua mapema. Protini itakayoweza kuwatenganisha hao itakuwa na faida kubwa.

Yanayosemwa mitaani

Wapo walioacha maharagwe, mayai na samaki kwa sababu karatasi imesema protini. Protini ya kwenye sahani haivuki ikaingia kwenye mkojo ilivyo. Tumbo huivunja kwanza. Nyama nyingi kila siku inaweza kuongeza hatari ya mawe, kwa kuzidisha asidi ya yuriki na kupunguza sitreti, lakini hiyo ni habari nyingine, na maharagwe hayana kosa hilo.

Povu kwenye mkojo nalo si jiwe. Likiwa zito na la kila siku, pima albumini.

Maziwa yanaogopwa bure. Kalsiamu ya chakula hukutana na oksaleti tumboni, zikashikana na kutoka pamoja kwa njia ya choo, hata oksaleti isifike kwenye figo. Ukila mchicha, ambao una oksaleti nyingi, mtindi pembeni ni rafiki. Kinachoongeza kalsiamu mkojoni ni chumvi: ng'onda, achari, na chumvi ya mezani inayomwagwa kabla hata chakula hakijaonjwa.

Maji ya kisima hulaumiwa sana, hasa Likoni na Kisauni. Ugumu wa maji una uzito mdogo kuliko kiasi unachokunywa. Ila yakiwa ya chumvi, mtu huyachukia akanywa machache, na kwenye joto letu jasho huchukua mengi kabla figo haijapata sehemu yake. Mwenye historia ya mawe anywe mpaka atoe lita 2 hadi 2.5 za mkojo kwa siku, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Dereva wa tuktuk asiyetaka kutafuta choo Makupa huwa anajinyima maji makusudi, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

Na ule unga? Mawe ya asidi ya yuriki yanaweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, kama sitreti ya potasiamu, chini ya daktari. Mawe ya kalsiamu na oksaleti hakuna dawa ya kunywa inayoyayeyusha. Yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe, ndiyo maana kila muuza unga ana ushuhuda wa mtu aliyepona.

Ukiwa na maumivu yanayokuja kwa mawimbi kutoka ubavuni kushuka kinenani, nenda kapimwe mkojo, damu ya kuangalia kazi ya figo, na altrasaundi. Yakiambatana na homa au kutetemeka, au mkojo ukikatika, au ukiwa mjamzito au una figo moja, usilale nayo: nenda hospitali usiku huo huo, kwa kuwa mrija uliozibwa wenye maambukizi huua. Kama mawe yanajirudia, muulize daktari kuhusu kukusanya mkojo wa saa 24. Kipimo hicho kipo tayari, na hupima wingi wa mkojo, kalsiamu, oksaleti, sitreti, asidi ya yuriki na chumvi, na majibu yake yanabadilisha matibabu. Wakati unasubiri jiwe litoke, kojolea kwenye chujio la chai ulilolitenga kwa kazi hiyo. Likipatikana, lisuuze, lianike likauke, litie kwenye kichupa kikavu bila maji wala spiriti, ulipeleke likachunguzwe ni la aina gani.